Valvu ya joto imechoka kwenye V8 ya Chrysler: uifufue, uitoe, utafute menifodi nyingine au ufunge heda?

Ukimiliki gari la kampuni ya Chrysler kama Plymouth Road Runner, Dodge Super Bee au Charger ya kati ya 1968 na 1970, yenye V8 ya 383 au 440 (ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo), kuna siku utasikia chuma kikichezacheza upande wa kulia wa injini, gari likiwa limesimama na mguu hauko kwenye mafuta. Wengi hukimbilia kushuku tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu za injini. Wanafungua kava, wanabadilisha vitu ambavyo havikuwa na shida, na kelele inabaki palepale. Mara nyingi mkosaji ni valvu ya joto: kilango cha chuma kilicho ndani ya menifodi ya ekzosi ya kulia (chuma kinachokusanya moshi kutoka silinda), kinachozunguka kwenye shafti iliyopenya kutoka ukuta mmoja wa menifodi hadi wa pili. Baada ya zaidi ya miaka 50 ya moto na kutu, bushi za shafti hiyo, yaani pete zinazoishika, zimeliwa, kilango kinaning'inia, na moshi unavuja kandokando ya shafti na kuacha masizi.

Njia za kulimaliza tatizo hili ni nne, na kila moja ina watu wanaoitetea kwa nguvu. Nazilinganisha hapa kwa mtu ambaye fedha iko mfukoni na bado hajaitoa. Msimamo wangu nautoa mapema: swali la kwanza si bei. Swali la kwanza ni gari linaendeshwa kwenye hali gani ya hewa, na juu ya injini kumefungwa nini. Ukishajibu hayo mawili, njia mbili kati ya nne zinajiondoa zenyewe.

Kilango kinafanya kazi gani

Injini ikiwa baridi, petroli inayotoka kwenye kabureta haigeuki mvuke vizuri. Inashikana na kuta za menifodi ya hewa (inayopeleka mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye silinda) kama matone, silinda zinapata mchanganyiko usiolingana, na gari linakohoa ukikanyaga mafuta. Chrysler, kama watengenezaji wengine wa Marekani wa enzi hiyo, waliacha njia ya moshi inayopita chini ya kabureta kutoka hedi (kichwa cha injini) moja hadi nyingine. Kilango kikijifunga, moshi wa upande wa kulia unakosa mlango wake wa kawaida, unapanda, unapita chini ya kabureta na kutokea kushoto. Ukipita hapo unapasha sakafu ya menifodi ya hewa. Unapasha pia springi ya choki, kilango cha kabureta kinachobana hewa injini ikiwa baridi, ambayo kwenye injini hizi imekaa kwenye kisima kidogo juu ya njia hiyohiyo.

Kinachokifunga kilango ni springi ya madini mawili iliyojizungusha nje ya menifodi. Ikipata moto inalegea, na kipande cha chuma kizito kilicho kwenye ncha ya shafti, kikisaidiwa na msukumo wa moshi, kinakifungua. Hakuna umeme wala mpira wa vakyumu. Ni chuma na joto tu, ndiyo maana kwenye gari lililotunzwa kimefanya kazi kwa miongo.

Kikikwama wazi, injini inachelewa kupata moto, choki inachelewa kufunguka, plagi zinapata masizi, na dakika za kwanza za safari zinakuwa za mateso. Kikikwama kimefungwa, madhara ni makubwa zaidi. Nusu ya injini inapumulia tundu dogo, nguvu inapotea ukiharakisha, rangi ya menifodi ya hewa inaungua katikati, na ukizima gari mchana wa jua petroli inachemka kwenye kabureta na gari halitaki kuwaka tena. Petroli ya siku hizi yenye ethanoli inazidisha tabia hiyo, kwa kuwa inageuka mvuke kwa urahisi kuliko ile ambayo kabureta hizi zilitengenezewa.

Pima kabla ya kununua chochote

Injini ikiwa imelala usiku kucha, ingiza mkono upande wa kulia na ushike kile kipande kizito kwa vidole viwili. Kinapaswa kuzunguka kwa ulaini na kurudi chenyewe kwa nguvu ya springi. Kikikataa kabisa, kimekwama. Kikizunguka huku shafti inapanda na kushuka ndani ya tundu lake, bushi zimekwisha. Kikizunguka bila kurudi, springi imekufa. Kisha washa gari, na kabla halijapata moto, mtu akanyage mafuta ghafla mara moja huku wewe ukiangalia: chuma kile kinatakiwa kucheza na kurudi.

Sasa jambo ambalo watu hulisahau. Gusa menifodi ya hewa katikati, chini ya kabureta, muda mfupi baada ya kuwasha gari baridi. Kama valvu imefunga lakini sehemu hiyo inabaki baridi wakati kwingine kunaanza kupata moto, njia ya moshi imezibwa na kaboni. Katika injini ambazo hazijafunguliwa kwa miaka mingi, kaboni hujaa humo mpaka inakuwa ngumu kama jiwe, na inabidi uichokoe kwa bisibisi na patasi menifodi ikiwa imeshushwa. Ukifufua valvu bila kusafisha njia hiyo, umefunga mlango ambao upande wa pili ni ukuta. Afadhali ungeiacha kama ilivyokuwa.

Angalia pia aina ya bati lililofunika bonde la tapeti, yaani nafasi iliyo katikati ya pande mbili za injini. Kwenye injini hizi za 383 na 440, bati pana lililo chini ya menifodi ya hewa ndilo pia gasketi yake, na linauzwa kwa aina mbili: lenye tundu la kupitisha moshi na lisilo nalo. Mmiliki aliyetangulia anaweza kuwa alifunga lile lililozibwa ili kabureta ibaki baridi, akaisahau valvu. Hapo kilango kikijifunga, moshi wa silinda nne za kulia hauna pa kwenda. Ukikuta hali hiyo, usiendeshe gari mpaka kilango kimefungwa kwa waya kikiwa wazi au kimetolewa.

Njia ya kwanza: kufufua

Kufufua kuna ngazi mbili, na ngazi ya chini karibu haina gharama. Kama valvu imekwama lakini shafti haijalegea, kazi ni kulainisha. Chrysler yenyewe ilikuwa ikiuza kimiminika maalumu cha kazi hii, na mafundi waliagizwa kukitumia kila gari likija kwa huduma. Leo mafuta ya kupenya yenye grafaiti yanatosha. Injini iwe baridi. Nyunyiza pande zote mbili za shafti, subiri, gonga ncha ya shafti kwa nyundo ndogo, kidogo upande huu na kidogo upande ule, halafu jaribu kuzungusha. Usilazimishe kwa spana ya kubana, kwa sababu shafti iliyoliwa na kutu inakatika kama kuni kavu. Kuna magari yanayohitaji jioni kadhaa za kazi hiyo kabla shafti haijakubali. Usitumie oili ya injini wala grisi: moto unazigeuza kaboni, na kaboni ndiyo iliyokwamisha shafti toka mwanzo.

Ngazi ya juu ni pale bushi zimekwisha. Pakiti za kufufulia zinauzwa Marekani zikiwa na shafti, bushi, kilango, springi na kile chuma kizito. Menifodi inashuka. Kilango cha zamani kwa kawaida kimechomelewa kwenye shafti, kwa hiyo kinakatwa kupitia mdomo wa menifodi, na ukikitoa utaelewa kelele ilikotoka: kingo zake zimekuwa nyembamba na zenye meno, na shafti ina shingo iliyokondeana pale ilipokuwa ikisuguana na bushi. Matundu yanapanuliwa, bushi mpya zinaingizwa, na kilango kipya kinachomelewa ndani kikiwa mahali pake.

Hapa chagua fundi kwa makini. Fundi mchonga vipuri aliyezoea kazi za ndani ya injini hupenda kila kitu kibane. Shafti hii haitaki hivyo. Inapata moto mkali kila siku na inatanuka, kwa hiyo ikiwa baridi lazima iwe na uhuru unaousikia mkononi. Iliyobanwa vizuri mezani itakwama siku ya kwanza barabarani. Mweleze hivyo kabla hajaanza, na umwoneshe springi inazungukia upande gani, maana ikifungwa kinyume, kilango kitafunguka wakati wa baridi na kujifunga wakati wa joto.

Njia hii inamfaa nani? Anayeishi penye baridi ya kweli na kuliendesha gari katika baridi hiyo. Aliyebaki na choki ya asili ya kisimani. Na anayelipeleka gari mbele ya waamuzi wanaotazama kama kila kitu kiko kama kilivyotoka kiwandani.

Njia ya pili: kuitoa

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa wamiliki wengi, na najua itawaudhi wapenzi wa uasili. Kilango kinakatwa na kutolewa. Matundu mawili ya shafti yanatengenezewa nyuzi kwa tapu na kuzibwa kwa vizibo vifupi visivyotokeza ndani. Kelele inakwisha moja kwa moja, uvujaji unakwisha, na moshi unatoka bila kizuizi. Chuma cha kusubu kinatoboka kwa ulaini ukienda polepole, lakini safisha vumbi lote la chuma kabla ya kurudisha.

Kama unataka sura ya asili, usizibe matundu. Acha shafti mpya na kile chuma kizito nje, bila kilango ndani, na shafti ichomelewe isizunguke. Mtu akifungua boneti ataona kila kitu mahali pake. Mimi naona huo ni uungwana kwa gari: umeondoa kinacholiumiza bila kulivua sura.

Unachopoteza ni joto la haraka. Lakini hulipotezi lote. Hata bila kilango, moshi wa matundu ya katikati unaendelea kusukumana kupitia njia ya chini ya kabureta, kwa hiyo choki ya kisimani bado itafunguka, ila kwa kuchelewa. Kuirekebisha ilegee mapema kidogo mara nyingi kunatosha. Ukitaka kuiacha kabisa, funga choki ya umeme. Waya wake upate umeme swichi ikiwa imewashwa, na usiuchukue kwenye koili: Chrysler hizi zina kizuizi cha umeme kabla ya koili, na choki itapata umeme pungufu na kuchelewa kufunguka, huku koili nayo ikinyang'anywa umeme iliopimiwa.

Kwa msomaji aliyeko Maskati, Dubai au Mombasa, hili ni jambo la kutekeleza bila kusitasita. Maskati wakati wa kiangazi joto linapita nyuzi 40, na kuongeza moshi wa moto chini ya kabureta ni kujitafutia kusukuma gari mbele ya watu. Toa kilango, na menifodi ya hewa ikishashushwa kwa sababu yoyote, weka lile bati lililozibwa. Kumbuka tu kwamba bati lililozibwa linaiua choki ya kisimani, hivyo choki ya umeme inakuwa ya lazima.

Je, aliyeko Minneapolis? Huko baridi haina utani. Lakini jiulize kwa ukweli gari hilo linatembea lini. Wamiliki wengi wa magari haya kaskazini mwa Marekani huyafungia gereji wakati wa theluji kwa kuogopa chumvi inayomwagwa barabarani, ambayo inakula bodi. Kama lako linalala hadi majira ya kuchipua, unachohitaji ni uvumilivu wa dakika chache asubuhi za Oktoba, na kuitoa bado kunafaa. Kama unaliendesha mwaka mzima, fufua.

Njia ya tatu: menifodi nyingine

Njia hii inakuja pale chuma chenyewe kimepasuka au uso wake umepinda. Nyufa hupenda kuanzia karibu na mdomo wa kutokea moshi na kwenye kona kati ya matundu. Piga brashi ya waya hadi chuma kionekane, kisha ining'inize menifodi kwa waya na uigonge kwa nyundo ndogo: nzima inalia, iliyopasuka inatoa sauti iliyokufa. Uso wa kufungia kwenye hedi uwekee rula ya chuma iliyonyooka na upime nafasi kwa fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia. Uliopinda kidogo unaweza kusawazishwa kwenye mashine.

Kuchomelea ufa kunawezekana, ila si kazi ya fundi wa mageti. Ufa unatobolewa kwenye ncha zake ili usiendelee, chuma kinapashwa moto kabla, kinachomelewa kwa fimbo ya nikeli vipande vifupi vifupi, halafu kinafukiwa kwenye majivu au chokaa ili kipoe taratibu. Kikipoa haraka kinapasuka pembeni mwa mshono. Shaba nyeupe au nyekundu usikubali hata kidogo, kwa sababu sehemu hiyo hufikia kuwaka wekundu na shaba hailingani na moto huo. Menifodi ya asili yenye namba zake za kiwandani inastahili kazi hii kama gari lenyewe lina thamani ya uasili. Vinginevyo tafuta nyingine.

Kati ya iliyotumika na mpya ya kuigiza, mimi nachukua iliyotumika kama naweza kuigonga kwa mkono wangu, na mpya kama naagiza kutoka mbali. Menifodi hizi ni nzito na usafiri wake unauma. Kulipia uzito huo ili upokee ufa ni hasara isiyo na haja. Mpya nayo iwekee rula kabla ya kuifunga, na uoshe mchanga wa kalibu uliobaki ndani. Jambo moja la kukumbuka: Road Runner ya 1968 ilipewa menifodi za ekzosi za 440 kwenye injini yake ya 383, na hilo ni sehemu ya sababu ilitajwa kuwa na nguvu farasi 335. Menifodi za 383 ya kawaida, ya gari la familia, ni nyembamba njiani. Usikubali kuuziwa hizo kwa maneno kwamba "zote ni 383".

Njia ya nne: heda

Heda, yaani menifodi ya mabomba marefu ya chuma, kila silinda na bomba lake, ndiyo jibu la kwanza utakalopewa na vijana. Zinapumua vizuri kuliko chuma cha kusubu, ni nyepesi, na valvu ya joto inatoweka na historia yake. Ukiwa umebadilisha kemshafti, hedi na kabureta, heda zina maana kubwa, na sitakuzuia.

Ila kwa injini iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, unachonunua ni sauti na kazi ya ziada. Chrysler hizi mbele zina fito za msokoto badala ya springi za koili, na fito hizo, sanduku la stelingi na starta vyote vinagombea nafasi na mabomba. Kwenye heda nyingi inabidi kushusha fito moja au kufungua viungo vya stelingi ndipo mabomba yaingie. Zikishaingia, nyaya za plagi zinapita karibu mno na chuma cha moto, starta inaokwa, na bomba la chini linakuwa kitu cha kwanza kugusa tuta. Gasketi za heda hulegea. Bolti zinatakiwa kukazwa tena baada ya safari za mwanzo, na tena baadaye. Heda za bei ya chini, zenye bati jembamba na fleji (sahani ya kufungia kwenye hedi) nyembamba, zinapinda na kuanza kuvuja mapema. Yaani utakuwa umeondoa uvujaji wa shafti moja na kuleta uvujaji wa matundu manane. Kama umeamua, nunua zenye fleji nene na zilizopakwa kauri ndani na nje, kwani kauri hupunguza kutu na joto chini ya boneti.

Magari mawili, majibu mawili

Chukua Road Runner mbili zinazofanana, zote na bushi zilizokwisha na chuma kisicho na ufa. Ya kwanza iko Minnesota, jimbo la Minneapolis, inaendeshwa hadi Novemba, choki ni ya kisimani, na mwenyewe anaipeleka kwenye maonyesho. Fufua, safisha njia ya kaboni, maliza. Ya pili iko Maskati, ina kabureta mpya yenye choki ya umeme, inatembea jioni na mwisho wa wiki. Toa kilango, ziba. Katika zote mbili heda hazikuingia kwenye hesabu, na menifodi mpya pia.

Njia yoyote utakayochagua, kama menifodi inashuka, hatari kubwa iko kwenye nati na stadi (bolti zisizo na kichwa zilizofungwa kwenye hedi). Pasha nati moto hadi iwe nyekundu, iache ipoe kidogo, iguse kwa mshumaa ili nta ivutwe ndani ya nyuzi, halafu izungushe mbele na nyuma, robo kwa robo. Stadi ikikatika imetokeza, nati inaweza kuchomelewa juu yake na kuitoa. Ikikatika ndani, mwachie mwenye mashine. Kwenye baadhi ya hedi za Chrysler matundu ya stadi yamepenya hadi kwenye maji ya rejeta, kwa hiyo toa maji kwanza, na ukirudisha paka dawa ya kuziba kwenye nyuzi. Rudisha kwa nati mpya.

Usiache uvujaji uendelee ukisubiri fedha. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na magari haya yana matundu mengi kati ya injini na miguu ya dereva. Madirisha yawe wazi mpaka kazi iishe.

Na ukiishia kufunga heda, menifodi za asili usizitupe wala kuziuza kwa muuza vyuma chakavu. Zipake oili, zifunge kwenye gunia, andika gari na mwaka, uziweke. Siku ya kuliuza gari, mnunuzi makini ataziulizia.